Hipsiti kwa mtoto wa miezi 5 na nusu: kikalio peke yake, mkanda unaoshuka, na bodaboda

Mama wa Ilazo anauliza:

Habari zenu humu ndani. Naomba maelekezo ya wenye ujuzi kuhusu kiti cha kubebea mtoto kiunoni, hiki wauzaji wanachokiita hipsiti. Ni mkanda mpana wa kiunoni wenye kikalio cha sponji ngumu kwa mbele. Kuna na kipande cha juu chenye mikanda ya mabegani, kinaunganishwa kwenye kikalio kwa zipu na kinaweza kutolewa. Maelekezo yaliyokuja nacho ni picha tu na maandishi ya Kichina kwenye boksi. Lebo ya ndani inasema kilo 3.5 hadi 20, miezi 0 hadi 36.

Mtoto ana miezi 5 na nusu, kadi ya kliniki mwezi huu inasoma kilo 7.1. Shingo imekaza vizuri. Ukimkalisha mkekani anakaa akishikwa kiunoni, ukimwachia analala upande.

Ninachotaka kujua:

1. Anaweza kukalia kikalio peke yake, bila kipande cha juu?
2. Kumgeuza aangalie mbele, je?
3. Baada ya kutembea kama dakika 10 mkanda unashuka, kikalio kinainamia mbele, mtoto anateleza kuniacha, na mgongo unaniuma. Tatizo ni kiti au ni mfungaji?
4. Nikifunga mikanda yote, naweza kupanda naye bodaboda kutoka Ilazo hadi Soko la Majengo, hapa Dodoma?

---

Mkunga wa Kikuyu:

Mbukwa, mama. Nitaanza na la kwanza maana mengine yananing'inia hapo.

Kikalio peke yake, bado. Ukishatoa kile kipande cha juu, ulichobaki nacho ni kigoda kilichofungwa kiunoni. Hakina cha kumzuia mtoto asianguke upande, nyuma wala mbele. Kizuizi ni mkono wako. Anayefaa kukalia kigoda hicho ni mtoto anayekaa mkekani mwenyewe, bila kuegemea na bila kujikita kwa mikono, na akiyumba anajirudisha. Wengi hufika hapo kati ya miezi 6 na 8, lakini angalia uwezo wake, usihesabu tarehe. Wako bado analala upande, yaani misuli ya kiwiliwili haijamudu. Ukimweka pale atajikunja tumboni na kidevu kitashukia kifuani.

Hicho kidevu ndicho cha kuogopa kuliko hata kuanguka. Koo la hewa la mtoto mchanga ni jembamba na laini. Kichwa kikiinama hadi kidevu kibane kifua, njia ya hewa inakunjika kama mrija wa soda, na mtoto mdogo hana nguvu ya kuinua kichwa tena. Halii, hahangaiki, anakosa hewa kimya kimya. Walio hatarini zaidi ni wenye umri chini ya miezi 4, njiti, na waliozaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo hiyo "miezi 0" ya kwenye lebo ni maneno ya biashara. Kichanga hakalishwi kwenye kikalio.

Kila baada ya dakika chache hakikisha: kati ya kidevu na kifua vidole viwili vinapita, uso wake unauona bila kufunua kitu, ukiinamisha kichwa kidogo midomo yako inafika utosini. Kama hufiki utosini, amekaa chini mno au mikanda imelegea.

Kwa sasa mbebe akiwa amekutazama wewe, na kipande cha juu kikiwa kimefungwa. Hivi:

Funga mkanda kwanza, mtoto akiwa kitandani. Mahali pake ni kiunoni penyewe, juu ya ile mifupa miwili ya nyonga unayoishika ukijishika kiuno, karibu na usawa wa kitovu. Wengi hufungia chini, pale wanapokazia kanga, halafu wanashangaa unashuka. Velkro (ule utepe wa kubandika na kubandua) kwanza, kisha klipu, kisha vuta mkia wa mkanda. Vidole viwili vikae kati ya mkanda na tumbo, ngumi isipite. Kama kufungia nyuma kunakusumbua, kigeuze: kikalio kikae mgongoni, funga kwa mbele ukiona kwa macho, halafu kizungushe kije tumboni na ukaze upya. Huo mzunguko ufanyike kabla mtoto hajapanda, kamwe si baada.

Simama karibu kabisa na kitanda, au kaa ukingoni. Mtoto akalie katikati ya kikalio, tumbo lake likigusa lako, mguu mmoja kila upande wa kiuno chako. Inua kipande cha juu kimfunike mgongo. Ingiza mkono mmoja kwenye mkanda wa bega, badilisha mkono unaomshika, ingiza wa pili, kisha funga ile klipu ndogo ya nyuma inayounganisha mikanda ya mabegani. Katika hatua zote hizo mkono mmoja hauondoki mgongoni mwa mtoto. Kaza pande zote mbili sawa. Ukimsukuma taratibu mgongoni asizame kuelekea kwako. Akizama, bado kuna nafasi, na akisinzia atajikunja kwenye nafasi hiyo hiyo.

Ukingo wa juu wa kile kipande uishie usawa wa shingo au masikio, usipande usoni.

Sasa miguu. Magoti yawe usawa wa makalio au juu kidogo, mapaja yakiwa yameshikwa na kikalio karibu hadi nyuma ya magoti. Ukimwangalia kwa mbele miguu ichore herufi M. Ile ya kuning'inia wima kama suruali kwenye kamba ya kuanikia haifai, kwa sababu kikombe cha nyonga cha mtoto bado ni gegedu, yaani mfupa laini, na mfupa wa paja unatulia ndani yake vizuri zaidi miguu ikiwa imepanuka na kuinuka. Kwa matembezi mafupi si janga, lakini usiifanye desturi. Aliyezaliwa ametanguliza makalio, au mwenye ndugu aliyewahi kuwa na tatizo la nyonga, apimwe nyonga kliniki kabla ya kubebwa hivi kila siku. Vivyo hivyo ukiona wakati wa kumbadilisha nepi mguu mmoja haupanuki kama mwenzake, au mikunjo ya mapaja hailingani.

Kuangalia mbele subiri hadi akae mwenyewe. Hata wakati huo, dakika 10 hadi 15 zinatosha, akiwa macho. Akielekea mbele mgongo wake unabinuka, mapaja hayana cha kukumbatia, kichwa hakina pa kulala. Akianza kupepesa macho kwa usingizi, mgeuze akutazame.

La 3 namwachia fundi. Ila kama ulijifungua kwa upasuaji na ukingo wa kikalio unagandamiza kovu, pata kwanza kauli ya aliyekuhudumia. Na mjamzito asifunge mkanda huu tumboni.

---

Fundi Mabegi:

Mama wa Ilazo, swali la 3 lina majibu matatu na unaweza kuyatofautisha mwenyewe nyumbani.

Kwanza, tazama kikalio kwa pembeni ukiwa umekifunga bila mtoto. Kikalio kizuri hakilali bapa. Kimeinuka kidogo ukingo wa nje, kinateremkia kwako, ili uzito wa mtoto umlete tumboni mwako. Mkanda ukilegea au ukikaa chini, mteremko huo unageuka na mtoto anateleza kwenda nje. Kama bila mzigo kimeinuka vizuri na kinainama tu baada ya kutembea, basi ni ufungaji: panda juu ya mifupa ya nyonga, kaza, na ukaze tena baada ya dakika 2 au 3 maana nguo na sponji hujibonyeza. Kitenge chenye pindo nene au kanga iliyokunjwa chini ya mkanda ndivyo vinavyoteleza zaidi. Vaa blauzi nyepesi iliyonyooka.

Pili, kama kinainama hata ukiwa umekaza, fungua zipu ya chini utoe sponji. Mle ndani kuna kipande kigumu chepesi, jamii ya povu lililokandamizwa. Kikunje kwa mikono. Kikiwa na ufa, au kinabonyea kama godoro, kiti hicho kimekwisha. Usijaze matambara wala sponji ya godoro. Hiyo haibebi, inabonyea upande mmoja.

Tatu ni velkro, na hapa kwetu ndiyo inayokufa mapema. Vumbi jekundu, nyuzi za kanga na mbigili. Mbigili moja ikikaa kwenye upande wa manyoya inavuta vitanzi vyote vya karibu. Safisha upande wa kulabu kwa mswaki mkavu au sindano, kila wiki wakati wa upepo wa Julai na Agosti. Kipimo chake: ibandike yote, kisha ivute kwa ubapa kama unavyovuta kamba, usiibandue kwa kuanzia ukingoni. Ikiteleza, achana nayo. Velkro haipaswi kubeba uzito peke yake kwa vyovyote, kazi ya kushikilia ni ya klipu. Lakini velkro iliyokufa inaacha mkanda uzunguke.

Klipu lazima ilie, kisha uivute kwa nguvu pande mbili. Nyingi zina meno matatu: mawili ya pembeni na kitufe cha katikati, ili mtoto asiibonyeze kwa bahati. Pia kuna kitanzi cha lastiki karibu na klipu, watu hukiona pambo. Mkia wa mkanda au klipu yenyewe hupitishwa humo kabla ya kufunga, ili ikifunguka kwa bahati mbaya mkanda ubaki umenasa kidogo upate sekunde ya kumdaka mtoto. Mchanga ukiingia kwenye klipu, isuuze kwa maji na uikaushe. Usipake mafuta ya cherehani; mafuta yanakusanya vumbi na kesho itakwama nusu, inaonekana imefunga kumbe bado.

Kabla ya kumpandisha mtoto jaribu na mzigo. Dumu la lita 10 likijaa maji ni kilo 10 na ushee, zaidi ya mtoto wako. Simama juu ya kitanda au godoro, liweke kwenye kikalio, lishike, tembea hatua chache, chuchumaa na kuinuka mara kadhaa, kaa nalo dakika 10. Kisha vua uangalie mishono kwenye pembe za kikalio na pale utepe unapoingia kwenye mkanda. Uzi uliokatika, tundu la sindano lililopanuka, utepe uliopauka na kuota manyoya: yoyote kati ya hayo, usitumie. Na tafadhali usimpelekee fundi viatu ashone upya mshono unaobeba. Mashono ya kiwandani pale ni ya msalaba ndani ya boksi, na sindano nene ya mkono inakata nyuzi za utepe badala ya kuzifunga.

Kuhusu lebo: viwango vinavyotajwa kwa vibebeo laini ni EN 13209-2 cha Ulaya na ASTM F2236 cha Marekani. Kukuta namba hiyo imechapwa si uthibitisho, mtu yeyote anaweza kuchapa. Lakini lebo isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya kutengenezwa inakueleza kitu. Ukinunua cha mtumba ndiyo usome mara mbili, na kilo 20 za kwenye lebo uzihesabu kuwa za kiti kipya.

---

Bibi wa Mpwapwa:

Wanangu, mnahangaika na sponji na klipu wakati mbeleko ipo. Kitenge kizito, mtoto mgongoni, miguu imekumbatia, mikono yako yote miwili huru. Hayo magoti yenu ya M yalikuwepo kabla hicho kiti hakijaletwa.

---

Mkunga wa Kikuyu:

Shikamoo bibi. Kwa miguu una haki kabisa, mbeleko iliyofungwa vizuri inampa mtoto mkao huo huo.

Umenikumbusha jambo kubwa kuliko yote ya uzi huu. Aliyezoea mbeleko amezoea mikono huru. Anavaa hipsiti, anamkalisha mtoto, na kwa mazoea anaachia mikono kuchagua nyanya au kupokea chenji. Kwenye mbeleko mtoto amefungwa mwilini. Kwenye kikalio kitupu amewekwa tu. Akijinyoosha kwa nyuma, kama wanavyofanya wakikasirika, anatoka mzima kwa mara moja. Bila kipande cha juu, mkono mmoja unazunguka mgongo wake muda wote, bila likizo. Ukihitaji mikono miwili, mshushe au funga kipande cha juu.

Mambo mengine ambayo mbeleko haina:

Kikalio kinakuficha miguu yako. Huoni ngazi, huoni mtaro, huoni jiwe. Kwenye ngazi mkono mmoja kwenye kishikio, mwingine kwa mtoto, na gusa kila kipandio kwa mguu kabla ya kuweka uzito.

Ukiinama, kikalio kinainama nawe na mtoto anamwagika. Chuchumaa mgongo ukiwa wima, mkono nyuma yake.

Jiko la mkaa liko chini na mtoto yuko mbele. Usipike naye, usichuje chai, usinywe uji wa moto. Mgongoni ni tofauti, mbele anaunyoosha mkono kwenye sufuria kabla hujaona.

Mfuko wa chini ya kikalio ni wa nepi moja na kitambaa. Simu, funguo na chupa ya maji vinakivuta kikalio mbele, tatizo lile lile la swali la 3.

---

Mama wa Ilazo:

Asanteni sana, na shikamoo bibi. Mawili tu yamebaki. Mchana kukiwa na jua na vumbi naweza kumfunika kanga juu yake akiwa kwenye kiti? Na lile la bodaboda halijajibiwa.

---

Mkunga wa Kikuyu:

Kanga usoni, hapana. Kitambaa juu ya uso kinabakiza hewa aliyokwisha kuipumua pamoja na joto, na wewe humwoni. Mvalishe kofia ya ukingo mpana, nguo moja nyepesi ya pamba, na ugeuze mgongo wako kwenye upepo vumbi likipita. Kumbuka tumbo lako ni jiko la pili kwake na kipande cha juu ni blanketi la tatu. Mguse nyuma ya shingo: ikiwa ya moto na yenye jasho, mtoe nje ya kiti kivulini. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri punguza matembezi marefu. Bado hajatimiza miezi 6, kwa hiyo kiu yake ni ya maziwa ya mama, si maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi siku za joto. Kaa chini ukimnyonyesha, na ukimaliza mrudishe kwenye mkao wa mwanzo kabla hujaondoka.

Asubuhi za Juni na Julai ni kinyume, baridi. Soksi na kofia ya sufi avae yeye. Sweta lako livae juu ya kiti kwa kukufunika wewe na mgongo wake, kichwa kikiwa nje.

Anza na dakika 15 hadi 20, mtoe, mlaze au mwache ajinyooshe, kisha endelea. Angalia ndani ya mapaja na nyuma ya magoti. Mstari mwekundu unaotoweka baada ya dakika chache ni alama ya ukingo tu. Usiotoweka, au vidole vya miguu vilivyobadilika rangi, ni kwamba kikalio kinambana.

Na akianguka hata kutoka kiunoni: akipoteza fahamu, akitapika tena na tena, akisinzia kuliko kawaida, utosi ukivimba au akipata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo, si kusubiri asubuhi.

---

Mzee wa Sabasaba:

Mama, bodaboda hapana, na sababu si ya kiti kibovu. Mikanda hii imetengenezwa kwa mwendo wa miguu. Pikipiki ikisimama ghafla mwili wako wote unaenda mbele, na kilicho mbele yako ni mtoto, halafu mgongo wa dereva. Kadiri ulivyomfunga vizuri ndivyo anavyokuwa mto wako wa kujikinga. Kikalio pia kinakusukuma nyuma kwenye siti, unakaa nusu nje. Na hakuna kofia ngumu ya kumtosha wa umri huo.

Bajaji na daladala kanuni ni ile ile: hipsiti si mkanda wa usalama. Ukiketi, kikalio kinagonga mapaja yako na kumwinua mtoto, kichwa kinakuja usawa wa kidevu chako au chuma cha siti ya mbele. Fungua, kiweke kiti chini, mpakate kwa mikono miwili, kaa mbali na mlango. Ndani ya gari dogo mahali pake ni kiti cha mtoto cha gari, kinachotazama nyuma kwa umri huo. Usipitishe mkanda wa gari kukuzunguka wewe na yeye pamoja. Gari likigonga, uzito wako unambana kwenye mkanda.

Treni ya SGR, kutembea naye jukwaani na kwenye behewa ni sawa, kipande cha juu kimefungwa. Ukishakaa, kivue.

---

Mama wa Ilazo:

Nimeelewa. Fundi, nimejaribu kufunga juu kama mlivyosema. Pale juu mkanda unatosha kwa shida, velkro zinashikana upana wa vidole vitatu tu, ingawa klipu inafunga.

---

Fundi Mabegi:

Vidole vitatu ni kidogo. Nataka kiganja kizima kishikane, la sivyo ukipumua au ukichuchumaa inajibandua yenyewe na klipu inabaki na kazi yote. Mkanda ni mfupi kwako. Baadhi ya watengenezaji huuza kipande cha kurefushia chenye klipu zinazooana. Muulize aliyekuuzia kama ni cha aina hiyo hiyo. Klipu ya aina nyingine inaweza kuingia na kulia, na bado ikachomoka ukiivuta kwa pembeni. Kisipopatikana, mrudishie kiti mapema kabla hujakifua, ubadilishe kwa chenye mkanda mrefu. Nenda umevaa nguo unazombebea mtoto, ukijaribu kwa blauzi nyembamba dukani vipimo vitakudanganya.

Kukifua baadaye: toa sponji, maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, velkro ikiwa imefungwa. Jiki usitie. Anika kivulini, jua la hapa linapausha utepe na kuukausha.

---

Bibi wa Mpwapwa:

Na mbeleko mwanangu usiitupe. Siku ya kupika utaihitaji.

---

Mkunga wa Kikuyu:

Atakapokuwa na nguvu ya kukaa mgongoni, bibi, na iwe imefungwa juu hadi makwapani.